Nimeweka tiki kwa penseli: niingie kwenye utafiti wa sindano za seli shina?

Dada Mshauri,

Salaam. Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya wa siku nyingi, sikufikiri kwamba ipo siku nitaandika. Naomba jina langu ulisitiri.

Nina miaka 56 na ni fundi cherehani kwa mwaka wa 31 sasa. Mgongo ulianza kunisumbua miaka sita iliyopita, ukawa wa kuja na kuondoka. Miaka miwili hii hauondoki tena. Maumivu yako chini kabisa, juu ya makalio, zaidi upande wa kulia. Asubuhi nashika ukingo wa kitanda dakika nzima kabla sijanyooka. Nikiinama kukata kitambaa nastahimili. Balaa ni kuinuka, na nikijipinda nyuma kidogo tu kutazama juu, ni kama mtu kanichoma msumari. Mguuni hayashuki, yanaishia pajani.

Nilipigwa picha ya MRI. Daktari akasema viungo vidogo vya nyuma ya pingili za chini vimechakaa, gegedu limelika, ni yabisi ya uti wa mgongo. Nimemeza vidonge hadi tumbo likawaka moto. Nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nikaenda mara tano nikaacha, maana nilikuwa narudi nyumbani naumwa kuliko nilivyotoka, na wateja wananingoja. Nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nikapata majuma sita ya raha ambayo sijayasahau. Ya pili ilinipa majuma matatu.

Sasa daktari wangu ameniambia kuna utafiti unaotafuta watu wenye tatizo hasa kama langu. Wanachota mafuta kidogo tumboni, wanatenga seli shina, yaani seli changa zinazosemekana kuweza kuzaa seli za aina nyingine, wanazikuza maabara kwa majuma kadhaa, kisha wanazichoma kwenye vile viungo vilivyochakaa. Ni hatua ya kwanza, watu ni wachache, na wote wanapata seli, hakuna anayechomwa maji matupu. Baada ya hapo wanakufuatilia miaka miwili. Hawatozi chochote. Nilipigiwa simu kwamba nimepita mchujo wa awali, nikapewa fomu ya ridhaa yenye kurasa 19. Dada, nilitoka pale nikijiona mteule. Baada ya miaka yote hii, hatimaye wamekubali kunitibu.

Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema: "Wewe si panya wa maabara. Na mgongo wenyewe ndio huo huo mmoja." Kijana wangu mkubwa naye ana lake. Amepata kliniki ya binafsi inayochoma seli shina bila kusubiri, bila mchujo, bila kurasa 19, na yuko tayari kutoa akiba yake yote. Anamtaja jirani yetu aliyechomwa goti huko huko na sasa anapanda ngazi. Ananiuliza, "Baba, kwa nini ungoje wakujaribie wakati wengine wanatibu tayari?" Swali hilo sina jibu lake.

Kilichonifanya niandike ni mjukuu wangu. Ana mwaka na nusu. Juzi alininyooshea mikono nimbebe. Nikamwita bibi yake aje amchukue, kisha nikatoka chumbani ili wasinione uso. Mimi niliyekuwa nabeba majora ya vitambaa begani! Siku hizi majora anayabeba mke wangu.

Fomu natakiwa kuirudisha baada ya siku kumi. Nina hofu mbili: nikiingia nikaharibikiwa, mke wangu atakuwa alisema. Nikikataa, nitakuwa nimeufunga kwa mkono wangu mlango uliofunguka mara moja.

Kuna na jingine dogo. Fomu inauliza kama nimechomwa steroidi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Sindano yangu ya pili ina majuma saba tu, nilichomewa mahali pengine, na watu wa utafiti hawana habari. Nimeweka tiki kwenye "Hapana", kwa penseli.

Fundi wa cherehani

*

Kaka yangu Fundi,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye penseli. Nitaparudia.

Kwanza nikuambie ninavyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una mgongo uliokunyang'anya kazi nusu na mjukuu mzima. Una mke anayeogopa, una mtoto anayetaka kukununulia nafuu, na mbele yako kuna karatasi inayotaka sahihi. Umechoka, na mtu aliyechoka akiona mlango umefunguka haulizi sana chumba kile ni cha nini.

Kwa hiyo tuulize. Umeandika: "hatimaye wamekubali kunitibu." Neno hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa upole. Utafiti wa hatua ya kwanza unauliza kitu kimoja kabla ya vyote: je, jambo hili ni salama kwa binadamu? Kama linasaidia, hilo hupimwa vizuri katika hatua za mbele, kwa watu wengi zaidi na kwa kulinganisha. Mwaka 1982 daktari wa akili wa Marekani, Paul Appelbaum, pamoja na wenzake waliielezea hali ya mgonjwa kuingia kwenye utafiti akiamini kwamba kila kinachofanyika pale kimepangwa kwa manufaa yake mwenyewe. Waliikuta kwa watu waliokuwa wamekwisha kuelezwa utafiti na kuzitia sahihi fomu zao. Usione haya basi.

Wewe unajua hili kuliko mimi. Kitambaa usichokijua hukitii mkasi kabla ya kulowesha kipande uone kitarudi kiasi gani. Kile kipande hakivaliwi na mtu, lakini kila nguo itakayoshonwa baadaye inakitegemea. Mgongo wako, katika hatua ya kwanza, unaombwa kufanya kazi ya kile kipande. Ni kazi ya heshima, nami siibezi hata kidogo. Dawa tunazozimeza leo zilipitia kwa watu wa namna hiyo. Ila ni vizuri uingie ukijua umeitwa kufanya nini, na ujiulize swali hili usiku mmoja ukiwa peke yako: kama miaka miwili ikipita na mgongo ukawa vile vile, bado utaona ulifanya jambo la maana?

Umefarijika kwamba wote wanapata seli. Naelewa. Lakini faraja hiyo ina upande wa pili. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na watu wengi hukimbilia sindano yanapokuwa kileleni. Hata bila kufanya lolote, baadhi yao yangeshuka. Sindano yenyewe, chumba cha hospitali, kufuatiliwa na watu wanaokujali, vyote hivyo vinaweza kupunguza maumivu kweli. Pasipo kundi la kulinganisha, hata ukipona, hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika ni nini kilichokuponya.

Na hizo seli zenyewe? Jina linatuvuta. Ukisikia "shina" unaona mche unaochipua, gegedu jipya likiota pale lilipolika. Mwanasayansi Arnold Caplan, ambaye mwaka 1991 alizipa seli za aina hii jina lililozoeleka, miaka ya baadaye yeye mwenyewe alitaka jina hilo libadilishwe. Alisema kazi yake kubwa inaonekana kuwa ni kutoa vichocheo vinavyotuliza uvimbe na kuamsha ukarabati wa mwili, na kwamba lile neno shina linawapotosha watu. Kwa hiyo kinachotafutwa mgongoni mwako pengine ni utulivu wa kiungo kilichokasirika. Kurudishiwa kiungo cha ujana wako ni jambo jingine.

Ushahidi mkubwa tulio nao ni wa goti zaidi kuliko wa mgongo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu wapatao 480 wenye yabisi ya goti. Walilinganisha seli za uboho, za mafuta na za kitovu dhidi ya sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi yote, na hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi. Mwambie kijana wako hilo anapomtaja jirani. Sisemi jirani anadanganya. Anapanda ngazi kweli, na huenda angezipanda kwa sindano ya bei ndogo zaidi. Viungo vidogo vya mgongo ni kitu kingine tena: kimoja hakimezi zaidi ya mililita moja au mbili, na vimechunguzwa kidogo sana kuliko goti. Ndiyo maana huo utafiti upo. Wangekuwa na jibu, wasingekuita.

Nina swali jingine kabla hujatia sahihi, nalo ni la daktari wako: amejuaje kwamba maumivu yanatoka kwenye viungo hivyo? Utaniambia MRI. Lakini picha hizi zina tabia ya kuonyesha uchakavu hata kwa asiyeumwa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta dalili za kuchakaa kwa diski, vile vito vya kati ya pingili, kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Uchakavu ni kama mvi. Maelezo yako, ya kuumia ukijipinda nyuma na maumivu kuishia pajani, yanaelekea upande wa viungo hivyo, lakini dalili peke yake hazitoshi. Ipo njia ya kupima: kutia ganzi vineva vinavyohudumia viungo hivyo na kuona kama maumivu yanakatika kwa saa chache. Je, ulifanyiwa? Kama hayakukatika, basi seli zitapelekwa kwenye nyumba isiyo na mwizi.

Na kama yalikatika, kuna njia nyingine ambayo hukuitaja: kuviunguza vineva hivyo kwa joto la mawimbi ya redio. Wengine hupata nafuu ya miezi mingi, kisha neva huota tena na maumivu yanaweza kurudi. Nayo ina ubishi wake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 haukuona faida ya maana ilipoongezwa juu ya mazoezi. Naitaja ili ujue kwamba mlango uliofunguka mbele yako sio pekee kwenye ukuta huo.

Sasa swali la kijana wako. "Kwa nini ungoje wakujaribie wakati wengine wanatibu tayari?" Kaka, ile kliniki nayo inajaribu. Ila haina mchujo, haina daftari la waliodhurika, na mjaribiwa ndiye anayelipa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hadi sasa haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa maumivu ya mgongo wala yabisi, na imewaonya wagonjwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2018 huko huko Marekani iliripotiwa kwamba watu 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa, viungoni na mgongoni, bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Mwaka uliotangulia madaktari walieleza habari za wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki moja kuwachoma machoni seli zilizotoka kwenye mafuta yao wenyewe. Walilipia. Na hata jina la utafiti wa kliniki hiyo lilikuwapo kwenye orodha ya wazi ya majaribio ya kitabibu, kwa sababu kuorodheshwa si kuidhinishwa. Si kila anayechomwa hudhurika, wengi hurudi nyumbani salama. Lakini pindi ukishachomwa huko, tafiti za kweli zinaweza kukukataa, na akiba ya kijana itakuwa imekwenda. Mshukuru kwanza. Kijana anayetoa akiba yote kwa ajili ya mgongo wa baba yake hastahili kujibiwa kwa mkato. Kisha mwombe aiulize kliniki maswali mawili: wamewachoma wangapi migongo ya namna hii, na wangapi kati yao waliandikwa hali zao baada ya mwaka? Asikilize jibu, na asikilize pia watakavyolijibu.

Mke wako nimempenda. "Panya" ni neno kali, na lina kasoro moja: panya hasomi kurasa 19 wala hawezi kuondoka. Azimio la Helsinki la chama cha madaktari duniani, la mwaka 1964 na lililorekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Ingawa, nikuambie ukweli, unaweza kujitoa wewe, seli zilizokwisha kuchomwa hazitoki. Lakini sidhani mke wako anabishana kuhusu sayansi. Huyu ndiye anayebeba majora. Anajiuliza, ukiharibika zaidi, nani atakubeba wewe? Mmewahi kulizungumza hilo kwa sauti, au mnazungukana kwa habari za panya? Mchukue mwende naye siku ya kuelezwa fomu. Hofu yako kwamba "atakuwa alisema" inapungua nguvu pale uamuzi unapokuwa umeusikia yeye pia kwa masikio yake, hata kama atabaki na msimamo wake.

Mkiwa pale, msiishie kusikiliza. Ulizeni nani atagharamia matibabu ukidhurika, wakati wa utafiti na baada ya miaka miwili kuisha. Ulizeni zile seli zitakazobaki zitafanywa nini. Ulizeni dawa gani utakatazwa kumeza, kwa sababu tafiti nyingi huzuia baadhi ya dawa za maumivu, na wewe una siku za kazi zisizopita bila vidonge. Ulizeni kama kushiriki kutakuzuia kufanyiwa jambo jingine baadaye, na kamati gani ya maadili imeupitisha utafiti huo. Mtafiti mzuri hachukii maswali haya. Anayechukia amekwisha kukusaidia kuamua.

Turudi kwenye penseli.

Umeliita "jingine dogo" ukaliweka mwisho kabisa, nami nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kujua mambo ya mwisho wa barua huwa na uzito gani. Hukutumia kalamu ya wino. Kuna sehemu yako iliyoacha nafasi ya kufuta, na ninataka kuzungumza na sehemu hiyo. Swali la steroidi halijawekwa ili kukunyima. Sindano ile inaweza kuwa bado inafanya kazi chini kwa chini, na nafuu yake ikahesabiwa kuwa ya seli. Steroidi pia hupunguza kinga pale ilipochomwa, na kuingiza kitu kipya kwenye kiungo cha namna hiyo ni hatari inayokuangukia wewe kabla ya mtu yeyote. Kisha wako watakaokuja baada yako, mafundi wengine wenye migongo yao, watakaoambiwa "hatua ya kwanza ilikwenda vizuri" kwa kutegemea tiki yako. Katika kundi la watu wachache, mtu mmoja ni sehemu kubwa.

Ukisema kweli, inawezekana wakakuondoa. Hilo silifichi, na najua litauma. Inawezekana pia wakakuambia usubiri hadi miezi mitatu itimie, kwani tafiti nyingine huruhusu hivyo, na kwako ni takriban majuma sita tu. Hutajua bila kuuliza.

Kuna njia ambayo naona umeipita haraka, labda kwa sababu haina mvuto wa sindano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja elimu, mazoezi yenye mpango, tiba ya kisaikolojia na baadhi ya dawa. Mikanda ya mgongo na dawa za jamii ya afyuni hawazipendekezi kwa matumizi ya kawaida. Ulikwenda mara tano ukaacha kwa kuwa uliumia zaidi. Je, mtaalamu alijua unaumia zaidi? Alijua kwamba ukitoka pale unaketi kwenye cherehani hadi usiku? Mazoezi yanaweza kupunguzwa, kubadilishwa, kupangwa kuzunguka kazi. Na meza yako ya kukatia ina kimo gani? Sikusukumi huko. Ni kwamba utafiti wowote utakaokupokea bado utakukuta na mgongo unaohitaji hayo, kabla ya sindano na baada yake.

Jambo moja halingoji siku kumi: ukiona mguu umelegea, ganzi kati ya mapaja, mkojo au choo kukushinda, au homa pamoja na maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mjukuu. Alinyoosha mikono, lakini hakukuambia usimame. Keti chini au kwenye kiti kifupi, uone kama hatapanda mapajani mwenyewe. Umetoka chumbani ili usionekane, na yeye pengine alichoona ni babu anaondoka.

Namba ya simu ya watu wa utafiti naamini iko ukurasa wa kwanza wa hizo kurasa 19. Wakikujibu kuhusu yale majuma saba, niandikie.

Dada yako,
Mshauri